Mshumaa Ndani ya Chupa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkurugenzi wa hospitali. Wakuu wa idara. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mama Mshumaa, mkuu wa maabara yetu, unayestaafu leo huku bado umeng'ang'ania funguo: heshima kwenu nyote.

Mimi ni daktari wa mishipa ya fahamu, na leo kifua kimenijaa fahari. Nani humu ndani hajawahi kumcheka mama huyu? Mashine za kisasa zimejaa chumbani, naye anawasha mshumaa, anaufungia ndani ya chupa pamoja na kisahani chenye choo cha mgonjwa. Vijana wake walimuuliza leo ni siku ya kuzaliwa ya nani. Akawajibu kwamba bakteria anayemtafuta kazoea tumbo la kuku, hewa nyingi haitaki na joto letu halimtoshi, basi mgeni apokewe anavyopenda.

Kisha akaletwa dada yangu, fundi cherehani. Ganzi ilimwanzia vidole vya miguu, ikapanda magotini, ikawa inaelekea kifuani. Niliogopa, ndugu zangu, udaktari wote ukanitoka. Tulipima kichwa, tukapima mgongo. Mama Mshumaa akaja na swali lake la kila siku, lile analouliza kila miguu inapolegea: "Tumbo lake lilikuwaje wiki zilizopita?"

Lilikuwa limeharisha, likapona, likasahauliwa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Chupa ikafungwa, mshumaa ukajizimikia wenyewe, na bakteria akaota pale ambapo vyombo vingine vilikuwa vimetoka vitupu. Tukaacha kubahatisha: askari wa mwili, katika kumfukuza bakteria yule, walikuwa wameigeukia mishipa ya fahamu kwa kuwa inafanana naye, kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba kwa sababu kavaa shati la mwizi. Dawa ikaanza, na mashine ya kupumulia ikasogezwa mapema. Pumzi ilipomwishia, mashine ilikuwa kando ya kitanda.

Leo hakuna daktari hapa anayepima miguu bila kuuliza tumbo. Je, kuna urithi unaozidi huo?

Mama, asubuhi uliniuliza nani kakushonea gauni hilo tulilokuzawadia, nikajifanya sisikii. Limeshonwa kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na aliyekanyaga ameketi mstari wa nyuma. Dada, njoo mbele.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa niacheni mimi, mtazameni yeye anavyotembea.