Mzinga Ulioshushwa Mitutu

Familia imeniomba nisome wasifu wa kaka yangu kwa utulivu. Nitajitahidi. Mkiniona nimekunja uso, jueni sijakosea ukurasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Yeye alitangulia, mimi nikafuata, basi. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la nane mwaka 1964. Alikuwa mkali wa hesabu na mbishi kupindukia. Mwalimu alimwita Bwana Ushahidi, kwa kuwa hakukubali jibu la ubaoni mpaka ahesabu mwenyewe, na jina hilo likamganda.

Mwaka 1968 aliingia jeshini, akapangiwa mzinga wa kutungulia ndege, wa mitutu miwili. Tarehe 17 Juni 1974 ndege hazikuja. Ofisa akaamuru mitutu ishushwe, wapige watu waliokuwa upande wa pili wa shamba la mahindi. Mzinga ule ulivunja kuta za matofali kama biskuti. Lakini wapigaji walikaa juu, wazi, bila ngao yoyote, na moto wa mitutu ukawaonyesha walipo. Wapigaji walikuwa wanne. Watatu walifia kwenye viti vyao. Aliyebaki ni marehemu, na dereva wa lori lao ndiye aliyemtoa.

Aliacha jeshi mwaka 1980, akafungua kibanda cha kutengeneza cherehani. Tarehe 12 Desemba 1981 alimuoa wifi yangu, mshonaji aliyempelekea cherehani ileile mara nne, nayo nzima kabisa. "Ningefanyaje?" wifi husema. "Haongei na mtu ila mashine ikiharibika."

Mwaka 2003 alijiunga na klabu ya mchezo wa vita wa mezani, ile inayokutana kila Jumamosi nyuma ya duka la vifaa vya shule. Askari wao ni vidoli vya plastiki, umbali hupimwa kwa tepu, na kete huamua nani kapigwa. Marehemu alikuta kila mtu anapenda mizinga ya ndege. Wanaishusha, wanafyeka vikosi vizima, na hakuna mpigaji anayekufa. "Mkuki kwa nguruwe mtamu," aliwaambia. Akaandika kanuni ya kumi na nne: mzinga wa ndege ukipiga shabaha za ardhini mara mbili bila kuhama, rusha kete ya pande sita kwa kila mpigaji, ikitoka nne au zaidi, mwondoe. Walicheza hivyo miaka mingi, na hakuna aliyekufa kwa kuchoka.

Mwaka 2019 mwenyekiti wa klabu, muuza miwani ambaye hajawahi kushika hata manati, alichapisha kijitabu kipya. Kanuni ya kumi na nne haikuwamo. Marehemu alipouliza, alijibiwa mbele za watu: "Mzee, umezidisha. Inaondoa ladha. Huu ni mchezo tu." Ladha! Kaka yangu alichukua kofia yake, akarudi nyumbani, hakukanyaga tena pale. Aliandika barua sita kuomba kanuni irudishwe. Hakujibiwa hata moja. Nimekasirika, na sitaki mtu anipoze.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa tatu asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono. Daktari amesema ni figo, nami sibishani na daktari.

Jana mwenyekiti alileta shada lililoandikwa "Kwa mwandishi wa kanuni zetu", akaomba dakika tano za kuzungumza. Kanuni zipi? Nimemfuta kwenye ratiba. Kufuta anakujua, hatashangaa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mimi dada yake. Ameacha pia yule dereva wa lori, aliyeketi hapo mbele na magongo yake. Leo asubuhi nilimsomea kanuni ya kumi na nne, nikamuuliza kama kweli kaka alizidisha.

"Alipunguza, dada," akasema. "Kwa kete hiyo ningerudi na wawili. Nilirudi naye peke yake."

Apumzike sasa, yeye na wale watatu.