Maziwa ya Nyumbani kwa Kemboi: Wasifu wa Marehemu Joel Kipkemoi arap Mosonik, 1951–2008

Umeandikwa na kusomwa na dada yake, Jepkemboi, katika mazishi ya marehemu nyumbani kwake Chemaner, Keringet, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2008.

Tumekuja kumsindikiza mtu aliyezijua bunduki kuliko wengi wetu tunavyowajua ng'ombe wetu, na ambaye hakuwahi kumiliki hata moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 katika shamba la mzungu karibu na Molo, ambako baba yetu, Mzee Mosonik, alikuwa mkamuaji. Alikuwa kifungua mimba. Akafuatwa na Jepkemboi, ndiye huyu anayewasomea, kisha Kemboi, kitinda mimba, aliyedekezwa na kila mtu, Kipkemoi akiwa wa kwanza. Familia ilihamia hapa Chemaner mwaka wa 1964. Ng'ombe alipopotea hapa kijijini, watu walikimbilia kuuliza nani kaiba. Kipkemoi aliuliza amepitia wapi. Alifuata kwato mpaka mtoni, akauliza waliovuka, akaendelea, na mara nyingi alirudi na ng'ombe jioni huku wenzake bado wakigombana.

Alianza shule karibu na Molo mwaka wa 1959, akamalizia Shule ya Msingi ya Keringet, akaendelea na masomo ya sekondari Molo hadi kidato cha pili, karo ilipokatika. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na walioletewa barua zake wanajua hilo halisemwi kwa kumwonea.

Mwaka wa 1971 alijiunga na polisi na kufunzwa Kiganjo. Alichaguliwa kusomea ufundi wa silaha, na mwaka wa 1976 akapelekwa Nakuru, kwenye ghala la silaha. Huko alikutana na Mzee Rajinder, fundi wa bunduki za uwindaji aliyekuwa na duka mjini. Uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka uliofuata, Rajinder alihamia kwenye kutengeneza cherehani, lakini kila Jumamosi waliketi pamoja nyuma ya duka, chai ya tangawizi katikati yao. Kipkemoi alisema mambo mengi alifunzwa na serikali, ila jambo moja alifunzwa na Rajinder: kwamba bunduki ikishahakikishwa haina risasi, mtu aanzie kwenye pini ya kufyatulia, ile inayoigonga risasi. Aiguse kwa kidole gumba. Mtutu unaweza kupakwa mafuta ukang'aa, mbao zinaweza kubadilishwa, lakini pini husema kama bunduki imekuwa ikifanya kazi au imekuwa ikilala. Aliishika kanuni hiyo maisha yake yote.

Cherehani hizo ndizo zilizomletea mke. Rael Chelangat, mwalimu wa Njoro, alipeleka yake kwa Rajinder, na Kipkemoi akajitolea kuitengeneza. Aliirudisha, kisha kesho yake akafunga safari tena kupeleka skrubu moja aliyosema ilibaki mfukoni. Chelangat husema hadi leo kwamba fundi wa namna ile hasahau skrubu. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977, na Mungu akawajalia Kimutai, Chebet na Jepkoech.

Alistaafu mwaka wa 2006 akiwa inspekta. Alipumzika miezi miwili tu, na Chelangat anasema hata hiyo miwili alikuwa anamsumbua jikoni. Akaajiriwa kama mtaalamu katika mpango wa nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika wa kupambana na biashara haramu ya silaha. Alizunguka Kampala, Bujumbura, Juba na Addis Ababa, na mara nyingi alifundisha hapa Nakuru. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na isiyo na sifa. Aliwafundisha watunza ghala kupiga kila bunduki ya serikali chapa ya nchi yake na namba yake, kama tunavyowatia ng'ombe alama, ili ikipotea na kuokotwa nchi nyingine ijulikane ilitoka boma gani na iliponyoka wapi. Alipoletewa silaha iliyokamatwa hakuuliza ni ya nani. Aliuliza imepitia wapi.

Sasa wasifu huu unafika mahali ambapo kila mtu wa Chemaner anajua, na kupapita kando kungekuwa kumdharau marehemu.

Mwaka wa 1998, baada ya vita vya kikabila vya wakati ule na wizi wa mifugo uliofuata, Kemboi alimtoa ng'ombe wake mzuri kwa mtu asiyemjua na kupewa bunduki. Kipkemoi aliposikia hakupiga kelele. Alimwambia ndugu yake kwamba hataiangalia, kwa sababu akiiona namba yake itambidi aifuate, na kwamba kuanzia siku hiyo hatakunywa maziwa katika nyumba ile mpaka itoke. Kwetu sisi Wakipsigis, ndugu kukataa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ya ndugu yake ni jambo zito. Miaka kumi alisalimia akiwa langoni. Mke wa Kemboi alileta kibuyu, Kipkemoi akakirudisha kimejaa. Alikuwa mkaidi, na ukaidi ule ulituumiza sote.

Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, moto uliposhika Kuresoi, nyumba zilichomwa na majirani wakakimbiana. Ephantus, mwenye posho mill hapa Keringet, alipigwa risasi mguuni akifunga mlango wa kinu. Alipona, lakini yeye na familia yake waliishia kwenye hema pale Showground, Nakuru. Hapa kijijini watu walinong'ona jina moja tu. Kemboi aliapa kwamba hakutoka nyumbani usiku ule. Wengine walimwamini, wengine waliinamisha macho.

Tarehe 17 Aprili mkuu wa tarafa aliitisha baraza kuwaomba watu wasalimishe silaha bila kushtakiwa kwa kuwa nazo. Marehemu aliombwa azungumze kama mtaalamu. Alizungumza vizuri, mpaka mama mmoja aliposimama.

"Mzee Mosonik, wewe umeenda mpaka Burundi kutafuta bunduki za watu," alisema. "Hiyo ya kwenu je? Anza kwa Kemboi, halafu ukuje kwetu."

Watu walicheka. Kipkemoi hakucheka. Alisema, "Mama, umesema ukweli," akaketi.

Jioni hiyo alimwambia mkewe kitu kilichokuwa kikimkaa kooni tangu Januari. Bunduki yenyewe haikumtia hofu. Hofu yake ilikuwa kwamba siku ikiwekwa mikononi mwake atajua kama imelia. Hangeweza kujifanya hajui, na hangeweza kunyamaza.

Alikwenda langoni kwa Kemboi zaidi ya mara moja. Kemboi alimjibu, "Baba Kimutai, wewe uko na mshahara. Mimi niko na ng'ombe. Wezi wakikuja, nitawaonyesha cheti chako?" Hata hilo halikuwa jibu la kijinga, na marehemu alikiri hivyo.

Mwezi wa Juni alianza kushindwa kumeza ugali. Hospitalini Nakuru aligunduliwa na saratani ya koo, ugonjwa unaojulikana mno katika nyumba za pande hizi. Alitibiwa, akapata nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukarudi. Kufikia Septemba kilichopita kooni mwake kilikuwa maziwa tu, kwa kuonja.

Ndipo Chelangat, bila kumwambia mumewe, akajifunga leso na kwenda kwa Kemboi.

"Shemeji," alimwambia, "huyu mtu hamezi kitu isipokuwa maziwa. Yangu amekunywa yakatosha. Sasa ni yako anataka."

Kemboi aligeuka akaitazama stoo ya mahindi. Halafu akasema, "Mwambie akuje Jumapili. Na akuje na hao watu wake."

Jumapili tarehe 14 Septemba marehemu aliketishwa uani kwa Kemboi. Alikuwa amefuatana na Inspekta Awuor, aliyekuwa mwanafunzi wake Nakuru. Kemboi alileta bunduki kutoka stoo ya mahindi ikiwa imefungwa gunia, akaiweka chini, akarudi nyuma kama mtu anayengoja hukumu. Ilikuwa ya zamani, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi. Kipkemoi aliielekeza ardhini, akahakikisha haina kitu, akavuta kile chuma cha nyuma na kukitoa. Akaweka kidole gumba kwenye pini.

Aliinamia pale muda mrefu. Dada yake, aliyesimama karibu, aliona mabega yake yakitikisika, akadhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka kikohozi kikamshika.

"Kemboi," alisema alipopata sauti, "uliuziwa rungu."

Pini ilikuwa imevunjika, na pale ilipovunjika kutu ilikuwa imejaa, ya miaka mingi. Alimpa Awuor, naye akapitisha kidole, akachungulia mtutu.

"Mwalimu, hii haijawahi kulia tangu ikuje hapa," alisema Awuor. "Hata ungeiomba."

Miaka kumi Kemboi alilala karibu na chuma ambacho hakingeua hata kuku, na hakuwahi kujua, kwa sababu hakuwahi kukifyatua. Alipoelewa alichosikia aliketi palepale kwenye vumbi akalia kwa sauti. Alikuwa akilia kwa sababu ndugu yake amemwamini, ingawa wapo wanaosema alimkumbuka na yule ng'ombe.

Mkewe alileta kibuyu. Marehemu alipokea kikombe cha mursik kwa mikono miwili. Alikunywa kwa kuonja, akipumzika, akionja tena, na hakuna aliyemharakisha. Alikimaliza. Halafu akamwambia Awuor aisome namba kwa sauti na kuifuata kama nyingine zote, na apeleke ujumbe kwa Ephantus kwamba bunduki iliyompiga haikutoka boma hili, na itafutwe.

Alifariki nyumbani kwake Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2008, akiwa na mkewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha mjane, Rael Chelangat, watoto, Kimutai, Chebet na Jepkoech, wajukuu, dada, Jepkemboi, na ndugu, Kemboi. Ameacha pia wanafunzi katika nchi nyingi, baadhi yao wako hapa. Aliyempiga Ephantus bado hajajulikana. Inspekta Awuor ameomba isemwe kwamba kazi inaendelea.

Familia inawashukuru madaktari, majirani na kanisa. Inamshukuru kipekee Mzee Ephantus, aliyetoka Nakuru alfajiri na fimbo yake, mara yake ya kwanza kukanyaga Keringet tangu Januari. Ameomba kuketi karibu na mlango. Kemboi amemwekea kiti kilekile alichokalia marehemu Jumapili ile.

Baada ya mazishi, chakula na maziwa ni nyumbani kwa Kemboi. Nyote mnakaribishwa.

Ndugu yetu alikunywa akamaliza. Sasa apumzike.