Ukungu wa Shamba la Kate

Sogeeni wanangu, mnisikilize, maana pumzi iliyobaki ni ya kuhesabu na sitaki kuimalizia kwenye kukohoa. Isdori, wewe mkubwa, kaa hapa. Fransiska, achana na hiyo dripu, imeshafanya iliyoweza. Jana mlidhani nimelala, nikawasikia mkisema mdogo wenu Flavian ndiye aliyeniua, na kwamba nikishazikwa aondoke shamba letu la kijijini Kate. Nililia ndani ya blanketi. Leo naongea mimi, mama yenu, niliyechungulia ukungu kwenye hadubini tangu Isdori hajaota meno.

Kifua kikuu cha usichana wangu kiliniachia tundu pafuni, na humo ukungu umejenga. Makohozi yangu niliyapeleka kwa wanafunzi wangu wa chuo, Morogoro, bila kuwaambia ni ya nani. Wakanijibu kwamba dawa tulizozitegemea hazifui dafu, na kwamba kwenye vinasaba vyake kuna kipande kifupi kilichojirudia, alama tuliyozoea kuiona kwenye ukungu uliopata usugu shambani, si hospitalini.

Mnajua tunavyolima sisi Wafipa: majani tunayalaza, tunayafunika udongo, yanaoza ndani ya intumba, na matuta hayo ndiyo yanatulisha mwaka unaofuata. Bibi zetu walilima hivyo na hawakumdhuru mtu. Flavian akaleta dawa ya ukungu ya kupulizia maharage, dawa ya ukoo mmoja na vidonge ninavyomeza, kisha mabua na majani yenye dawa akayafukia kwenye intumba yasipotee bure. Humo kwenye joto la kuoza ukungu ukaonja sumu kidogo kidogo mpaka ukaizoea, kama mlevi na gongo. Nilimwambia. Akanijibu, "Mama, muuza dawa kasema haina shida, na wewe huo ukungu umekuingia kichwani." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu lililovunjika ni langu, na nina hasira naye, Mungu anajua.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako, Isdori, na nguo hii tumeivaa sote. Maharage yale yale ndiyo yaliyomsomesha mwanao. Niliwapelekea wanafunzi na udongo wa intumba zetu, na vinasaba vinasema ukungu wangu ni ndugu wa ule wa Kate. Havisemi ulipita njia gani, na dawa ile inapulizwa kutoka Kate mpaka Namanyere, na upepo wa huku haujui mpaka wa shamba. Sitawadanganya, moyoni naamini ni shamba letu. Ila mkimfukuza mtakuwa mmemwondoa mtu na kuuacha ukungu, na majirani wataendelea kupulizia huku wakisema kwa mama Isdori kuna laana. Mimi nimewaeleza miaka yote kwa Kiswahili changu cha semina, wakanywa soda wakaenda zao. Flavian akisimama mbele ya wakulima wenzake akasema, "Nilifukia hivi, mama akaugua hivi," huyo watamsikia. Ndiyo maana namtaka palepale.

Basi shikeni neno. Shamba la Kate nililinunua kwa jasho langu, si la ukoo, nami nampa Flavian, kwa sharti kwamba jani lililoguswa na dawa lisiingie tena kwenye intumba. Nyumba ya mjini Mazwi ni ya Fransiska, na mirija ya sampuli za ukungu iliyo kwenye friza asiitupe jalalani. Watu wa chuo watakuja kuichukua. Isdori, ng'ombe ni wako, na mdogo wako naye ni wako. Nikisikia huko niendako kwamba umemwita muuaji mbele ya watu, sitakuwa radhi nawe.

Niinue kidogo, Fransiska... hapo, hapo. Nimechoka, wanangu. Mungu awape udongo unaozaa na... na vifua vyepesi. Awape kusikilizana. Radhi yangu mnayo wote, sijambakiza mtu.

Nani huyo mlangoni? Flavian? Umesimama hapo tangu lini? Usilie, baba, ingia... Isdori, hapo ulipokaa ndipo karibu yangu. Mpishe mdogo wako. Mpishe, apite.