Gesi ya Bosibori Imegoma

Agosti ya sabini na tano, kijiwe chetu cha Keroka kilihamia ubavuni mwa gari la Bosibori, Kombi ya kulala ndani yenye kitanda, sinki na jiko la gesi. Aliuza ng'ombe akainunua kwa meneja wa chai aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na kanisa la Gesima likampa kazi ya kulisha wageni wa makambi, ile mikutano yao ya ibada. Leo Ijumaa. Jua likizama, Sabato imeingia, na Msabato hapiki. Kuni zote zimelowa mvua. Na jiko lenyewe linatoa moto mrefu wa manjano, puu! halafu linazimika. Mimi wananiita Digirii: ninayo, ya kemia, na kazi sina. Serikali ikinitaka, inajua nilipo.

— Digirii, angalia tena! aliita Bosibori kutoka ndani. Sikuuza ng'ombe ninunue sanduku.

— Nimepaka sabuni kila kiungo, dada. Hakuna povu, hakuna kinachovuja. Lakini riguleta, hiki kidude cha kupunguza nguvu ya gesi, imeshika barafu. Barafu, saa sita mchana! Nonsense kabisa.

— Ni mlima, alisema Injinia, ambaye uinjinia wake ni kuziba pancha za baiskeli. Gesi inapanda, inachoka njiani.

— Inapanda wapi? Kutoka hapa tulipo hadi jikoni ni hatua mbili!

— Shida ni chakula, alisema Ogada, muuza mitumba wa Daraja Mbili, mtu wa ziwani. Gesi imezoea kukaanga bekoni ya mzungu. Leo unaipa mboga ya chinsaga. Ungekuwa wewe, ungewaka?

— Ee, tata! Injinia aliruka. Nguruwe, haramu ya Msabato, alipikwa mle! Mafuta yake yameganda kwenye bomba, ndiyo hiyo barafu. Aitwe mzee wa kanisa aliombee.

— Yaya, hapana! Bosibori aliteremka, mikono kiunoni. Mnakunywa kahawa yangu mkitukana jiko langu? Hii kitu itawaka leo. Kama ni kufungua bomba lote, tutafungua. Digirii, shika spana.

Nikashika. Ofisi zote zimenikataa; chuma hakitanikataa.

Hapo akafika Mama Kemuma, mkungu wa ndizi za makambi kichwani.

— Mbuya more, hamjambo? Jamani, nipumzike wapi?

— Hapa, mama, pana nafasi, alisema Injinia, akisogea na gunia tulilokalia.

Gunia likateleza. Mama akainama.

— Hiki si ndicho chuma cha gesi? Mbona kimelala?

Benchi letu, lililooza kwa mvua, lilivunjika Jumatatu, tukaulaza mtungi wa gesi kando ya gurudumu, tukautandikia gunia. Mtungi ukilala, unatoa maji ya gesi badala ya mvuke. Riguleta inaganda, jiko linapaliwa. First year chemistry! Nami nimeikalia wiki nzima.

— Inukeni, wajinga nyinyi! Na mimi wa kwanza!

Tuliusimamisha, tukauacha utulie hadi barafu ikayeyuka, nikapaka sabuni tena. Bosibori akawasha kiberiti. Moto mfupi, wa buluu, hauna kelele. Sufuria ikapanda.

— Sasa, alisema Mama Kemuma, mkungu bado kichwani, mimi niketi wapi?

Kiti chetu sasa kilikuwa kimesimama.

— Kitandani, ndani, mama yangu, alisema Bosibori. Hawa watamenya ndizi wakiwa wima.

Na tayari alikuwa anatugawia visu.