Koti la Balozi Lililoliwa na Kompyuta

Benchi letu ni la mbao, mguu wake wa nne ni tofali. Limeegemea ukuta kati ya milango miwili: huku cherehani ya Sentimita, kule studio ya Dada Picha, chumba kimoja chenye kompyuta, taa mbili na kiti. Mzee Birika huleta kahawa na hana neno jingine ila "Mwingine?" Watu wa hapo ni wajuzi wa kila kitu isipokuwa kazi zao. Injinia hutengeneza pasi, na sijaona pasi iliyopita mikononi mwake ikarudi kunyoosha nguo. Sentimita ni fundi cherehani. Suruali yangu aliyoipima mara tatu naivaa kama kaptura. Balozi ni dereva mstaafu aliyewahi kuendesha wakubwa, wakubwa wakashuka garini, ukubwa ukabaki mdomoni mwake. Siku hiyo Balozi alikuwa na jambo zito. Binti yake wa pekee anaolewa kesho, ng'ambo, na karatasi za safari za baba zimekataliwa mara mbili. Kwa hiyo atazungumza kwa video, wakwe wamtazame ukumbini. Dada Picha alitakiwa kuituma kabla ya adhuhuri, na kahawa ya pili ilikuwa imeshamiminwa alipotoa kichwa mlangoni.

— Mzee, njoo uone. Ila ukae kwanza.

Aliitwa mmoja, tukaingia wote, vikombe mkononi. Kwenye kompyuta palikuwa na sebule ya kifahari, dirisha la kioo, na bahari nje ya dirisha. Katikati ya sebule kilielea kichwa cha Balozi, kimenyolewa vizuri. Chini yake, mbali kidogo, viganja viwili vilikuwa vikisisitiza jambo. Hapakuwa na kitu kingine. Pale penye tumbo lilipita wimbi.

— Mwili wangu uko wapi? aliuliza Balozi.

— Umeliwa, alisema Dada Picha. Jana ulikaa mbele ya kitambaa cha kijani, sivyo? Mimi naiambia programu: kila kijani unachokiona, futa, weka bahari. Imefuta kitambaa. Halafu ikakutana na koti lako.

— Lakini koti langu si kitambaa cha ukutani!

— Kompyuta haijui koti, mzee. Inajua rangi. Nikipunguza nguvu ya kufuta, koti linarudi na kitambaa kinarudi nalo. Nikiongeza, mnaondoka wote wawili. Na rangi hizi hazijafanana tu. Ni ileile, uzi kwa uzi. Kile kitambaa kilitoka wapi?

Sentimita alivuta kifua mbele. Laiti angejua, angekivuta nyuma.

— Mimi ndiye niliyekileta. Binti alimtumia baba jora zima ashonewe koti. Nikashona, kikabaki kipande kikubwa. Dada akasema anataka kijani cha kutundika nyuma. Nikasema, cha nini kuhangaika? Jora moja, kazi mbili. Akiba haiozi!

— Fundi, alisema Dada Picha polepole, ulimvisha mtu kitambaa, halafu ukamsimamisha mbele ya kitambaa hichohicho.

— Vimeendana, alisema Sentimita.

— Na wewe dada hukuona? niliuliza. Maana mimi ni hodari wa kuuliza watu wengine walikuwa wapi.

— Mzee alikuja kajifunika shali mpaka shingoni. Alilivua nilipokuwa nimeinama nafunga taa, na nyie mlikuwa mnanipigia kelele mlangoni kuhusu bahari. Kosa langu nalikubali. Lakini kompyuta haitaki kukubali.

Hapo ndipo Injinia alipokunja mikono ya shati. Ukiona hivyo, kama una pasi nzima, ifiche.

— Tatizo ni umeme. Umeme ukiwa mdogo, mashine inakuwa na njaa. Mashine yenye njaa ni mbuzi: itakula kila cha kijani. Iachie ipumzike, ikishiba italitapika koti.

— Itatapika wapi? aliuliza Sentimita.

— Humohumo ndani. Na kuna jambo jingine. Mkataa kwao mtumwa. Koti limetoka jora lile, limewaona ndugu zake ukutani, limekwenda kwao. Unalilaumu kwa lipi?

Tulicheka. Balozi hakucheka, aliangalia sakafu. Nilidhani anatafuta mwili wake.

— Avae koti jingine turudie, alisema Dada Picha. Dakika kumi tu.

— Haiwezekani! alisema Balozi. Kitambaa ameniletea mwanangu. Alisema, "Baba, uvae hiki, nikuone nacho." Nivae kingine, nimwambie nini?

— Basi tubadilishe cha ukutani. Tafuteni shuka la buluu.

— Buluu itakula bahari, alisema Injinia kwa huruma, kama daktari anayetoa habari mbaya.

— Bahari naiweka mimi baadaye!

— Ndiyo, lakini itakuwa imeshapata tabia.

Dada Picha alifumba macho. Sentimita aliona hiyo ni nafasi yake.

— Tulipake koti unga. Likiwa jeupe, mashine haitalitambua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nani ainame?

— Balozi, wakati tunampaka.

— Unga utadondoka akisema, alikataa Injinia. Mimi nasema tutume hivihivi. Tuwaambie wakwe kwamba huku kwetu baba mwenye heshima haonyeshi kiwiliwili. Ni kichwa tu, kwa sababu ndicho kinachofikiri. Watajiona washamba. Kesho kutwa na wao watakuwa wanatuma vichwa.

— Na viganja?

— Viganja ni vya kutoa baraka. Asiyejua maana haambiwi maana!

Hiyo ndiyo elimu ya benchi letu. Mtu anamuoza mtoto, wao wanamkata vipande na kumtafutia kila kipande sababu.

— Kwani ukutani kwa mzee, nyumbani kwake, pana ubaya gani? aliuliza Dada Picha. Tangu juzi nauliza.

— Ukuta ule? alisema Injinia. Rangi imebanduka, umebaki na ramani za nchi zisizokuwepo. Wakwe wauone?

— Na mlango, aliongeza Sentimita. Ubao mmoja umetoka kwenye sanduku, bado una maandishi "Shika kwa uangalifu".

— Wakwe nimeshawaambia ninakaa ghorofani, alisema Balozi kwa sauti ndogo. Mbele ya bahari.

Hapo kila mmoja alipata la kutazama. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro robo.

Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni na karatasi ya vipimo. Alikuja kuchukua gauni lake kwa Sentimita, akaambiwa na cherehani tupu kwamba fundi yuko huku. Alikuwa amesikia vya kutosha. Alitazama kichwa kinachoelea, akamtazama mwenye kichwa.

— Samahani, baba. Bi harusi mwenyewe aliomba ukae wapi?

Siku mbili tumebishana: bahari au milima, pazia au kioo, kiti cha ngozi au cha mbao. Hakuna aliyeuliza hilo.

Balozi alitoa simu mfukoni. Hakuisoma, alikuwa ameshaihifadhi moyoni.

— Kizingitini. Alisema, "Baba, ukae pale kizingitini ulipokuwa ukinivua viatu nikitoka shule. Nataka wapaone."

Yule mama alikunja karatasi yake ya vipimo mara mbili.

— Sasa anayepaonea aibu ni nani?

Sentimita alijizungushia utepe wake shingoni, akauzungusha tena. Injinia alikorogakoroga kahawa isiyo na sukari. Nami niseme ukweli, maana nimewacheka wenzangu tangu mwanzo: bahari ilikuwa wazo langu. Mimi ndiye niliyemwambia Balozi usiku wa juzi kwamba mtu mzima haonyeshi ukuta ule kwa wageni. Nyumba yangu imeegemeana na yake. Ukuta ni uleule. Niliona haya, na sikuwa na wa kumcheka.

Dada Picha alichomoa kamera kwenye waya.

— Tuna saa moja, mzee.

Balozi alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatangulia kwenda kwake, Dada Picha na kamera nyuma yake. Sentimita alimfuata Balozi hadi mlangoni akataka kumfuta vumbi begani, mkono ukaishia hewani. Tulibaki studio, watu wazima watatu na vikombe. Hakuna aliyejua kuizima kompyuta, hata Injinia, kwa hiyo kichwa kiliendelea kutabasamu mbele ya bahari, viganja vikafunguka kwa ukarimu.

— Wakwe zangu, kilisema, karibuni sana nyumbani kwetu.

— Mwingine? aliuliza Mzee Birika kutoka mlangoni.

Hakuna aliyenyoosha kikombe.