Chiriku, Dada Yake Kiroboto

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mkunga. Alianza kusema mapema na hakunyamaza tena, ndipo baba yake akamwita Chiriku. Mdogo wake wa pekee, asiyekaa kitako hata akila, akaitwa Kiroboto. Majina yao ya kwenye vyeti hatuyaandiki hapa, na sababu tutaifikia.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1979. Walimu walimlalamikia jambo moja: akijibiwa swali, huuliza, "Nani kasema?" Alisomea ukutubi, na mwaka 1983 akaajiriwa maktaba ya mji.

Mwaka uliofuata Kiroboto aliacha shule ili awe fundi redio. Baba alifoka, Kiroboto akabeba bisibisi zake akaondoka, wala hakuandika hata neno. Mwaka 1991 baba, akiwa mahututi, alimshika Chiriku mkono. "Mwanangu, mtafute mdogo wako. Mwambie sina kinyongo naye." Tangu hapo Chiriku hakutulia.

Alikuwa ameolewa mwaka 1988 na fundi cherehani, mtu mpole, aliyezoea kula chakula kilichopoa huku mkewe akisema, "Nakuja, namalizia hili moja tu."

Kompyuta zilipoletwa maktaba, yeye ndiye aliyefundisha watu kutafuta mtandaoni. "Hilo la juu kabisa limelipiwa, soma hapo pembeni: tangazo. Shuka chini. Nani kaandika? Lini? Anauza nini?" Mwenyewe aliandika "Kiroboto", akaletewa dawa za kunyunyizia magodoro. Alicheka mpaka machozi, kisha akaongeza "fundi redio", akayafunga maneno kwa alama za nukuu, akaanza upya. Alisema usitafute kwa maneno yako, tafuta kwa maneno ambayo yule wa upande wa pili angeyaandika.

Siku moja ilitokea mtandaoni picha ya fundi redio mfupi mbele ya kibanda chake, bisibisi zimejaa mfukoni, jina la mji limeandikwa chini. Chiriku alipanda basi asubuhi hiyohiyo. Alikuta kibanda kimekuwa duka la viatu, na mwenye duka hakumjua fundi yeyote. Picha ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Aliporudi, mumewe alimuuliza taratibu, "Tarehe uliitazama?" Akajilaza na viatu miguuni. Ilimuuma sana, maana jambo hilo aliwafundisha watu kila siku.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Alikuwa akisafishwa damu huku simu iko mkononi, mpaka muuguzi akamwambia, "Mama, tuliza mkono, sindano itachomoka."

"Nitautuliza nikimpata," alijibu.

Katika wiki yake ya mwisho alimwagiza binti yake: "Mkiandika wasifu wangu, uwekeni mtandaoni. Andikeni Chiriku na Kiroboto. Akinitafuta, hatatumia jina la kwenye cheti." Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 2023, binti huyo akiwa pembeni yake. Ukurasa wenyewe ndio huu.

Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, na mdogo wake, Kiroboto. Wakubwa wa ukoo waliuliza vipi tunamhesabu miongoni mwa walio hai mtu ambaye hajaonekana kwa karibu miaka arobaini. Binti alijibu, "Mama alitafuta kila mahali na hakukuta tangazo la kifo chake. Na alinifundisha kwamba kukosa jibu si jibu." Basi akaandikwa.

Kiroboto, ukifika kwenye ukurasa huu, ujue kwamba baba hakuwa na kinyongo nawe. Dada yako alitaka akwambie kwa mdomo wake, hakujaliwa.

Chiriku, pumzika mama. Kazi ya kutafuta tumekupokea.