Mama Dodoso, Aliyewauliza Wafumaji wa Mablanketi

Ndugu, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake niliyemfuata kuzaliwa, niwasomee safari yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba fundi seremala na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971 na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, ambako mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba binti huyu anauliza mno, maneno ambayo baba aliyasoma kama sifa na mama kama onyo. Alihitimu cheti cha upigaji chapa mwaka 1977, na tarehe 3 Aprili 1978 akaajiriwa katika ofisi ya utumishi ya kiwanda cha mablanketi. Huko ndiko alikompata shemeji yetu, fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya meza yake hata siku ambazo haikuharibika, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1989, dada akiwa sasa afisa utumishi, wafumaji arobaini na mmoja waliacha kazi ndani ya miezi tisa, meneja akasema ni uvivu na akataka adhabu ziongezwe, lakini dada akamwambia, "Bosi, tumewaadhibu vya kutosha, sasa tuwaulize." Meneja alicheka, akasema watadai mishahara tu, ila akamruhusu, naye akapiga chapa dodoso la maswali manane, lisilo na nafasi ya jina, akaweka sanduku la mbao mlangoni mwa kantini.

Wiki ya kwanza zilirudi karatasi sita tu, kwa sababu watu waliogopa miandiko yao itatambulika, na moja kati ya hizo sita ilikuwa na mchoro wa punda. Hakuwalaumu, alipanga maswali upya ili mtu aweke alama ya vema tu, akawakabidhi wafumaji wenyewe ufunguo wa sanduku, na karatasi mia mbili na kumi na mbili zikajaa. Mishahara ilitajwa, ndiyo, lakini waliolia zaidi walilia na ratiba ya zamu iliyobandikwa Jumamosi mchana kwa ajili ya Jumatatu, na madirisha ya chumba cha rangi yaliyopigiliwa misumari, na wachache, penye nafasi tupu chini ya karatasi, waliandika kwamba meneja huwapita kama anapita magunia.

Dada alimsomea yote bila kupunguza. Meneja alidai karatasi hizo azilinganishe na saini za wafanyakazi, dada akajibu, "Niliwaahidi hawatajulikana, na ahadi ni deni," na kesho yake akahamishiwa stoo, akae na marobota ya sufu, huku shemeji akiambiwa kando kwamba mke wake akae kimya la sivyo wote wawili watakosa kazi. Dada alirudi nyumbani siku hiyo akalia, nilikuwepo, kisha akafua nguo.

Miezi mitatu baadaye mama mmoja alianguka na kuzimia kwa joto ndani ya chumba kile cha rangi, akapona, namshukuru Mungu, na mchana huo meneja alikwenda stoo, akakaa juu ya robota, akasema, "Nisomee tena, polepole." Madirisha yalifunguliwa wiki hiyo hiyo, dada akarudishwa ofisini, ratiba ikaanza kutoka wiki mbili kabla, meneja akajifunza kusimama getini na kusalimia, mwanzoni kwa aibu kama bwana harusi, na mwaka uliofuata waliacha kazi wanne tu, na mablanketi yenye kasoro yakapungua kwa nusu. Tangu hapo dodoso lilitoka kila Juni, wafumaji wakamwita Mama Dodoso, na majibu yalibandikwa ndani ya siku thelathini, kwani dada alisema ukimuuliza mtu kisha ukanyamaza, ni heri usingemuuliza.

Wanawe wamenituma niseme pia kwamba nyumbani kwake hakukuwa na sanduku la maoni, aliamua yeye.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2017. Agosti 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara nne, na wodini aliwauliza wauguzi ni nini kinawachosha, mpaka mmoja akacheka akisema, "Mama, hapa mgonjwa ni wewe." Alifariki tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake mliokuja kwa mabasi mawili. Tunamshukuru na mzee aliyekuwa meneja wake, ambaye tangu asubuhi amesimama pale mlangoni, akimsalimia kila anayeingia.

Dada, umeheshimu watu, nao wamekuja. Pumzika sasa, kwa amani.